Mvua ya Pili Ndani ya Jiwe

Sura ya Tano

Lori la safari ya uwandani lilikuwa limeshapakiwa hadi kooni. Mahema, masufuria, ndoo, nyundo za kuvunjia mawe, na wanafunzi thelathini wa jiolojia, mwaka wa pili, ambao walikwisha kuanza kuimba hata gari halijawashwa. Dereva aliegemea mlango akichokonoa meno, na kila aliyepita alimwambia neno lilelile.

"Saa sita kamili naondoka. Atakayebaki, abaki na mawe yake."

Aliyeelekea kubaki alikuwa ameketi kwenye ngazi ya maabara, juu ya begi lililokaribia kumzidi kimo. Wenzake walimwita Sisimizi, maana alikuwa mdogo wa umbo na hakuna mzigo aliowahi kuukataa. Bila safari ile hakuna somo la kuchora ramani, na bila somo hilo hakuna kuingia mwaka wa tatu. Asubuhi hiyo mhadhiri wake alikuwa amemzuia kupanda lori kwa kosa moja tu: wizi wa majibu ya mtihani.

Mama Tochi alipanda ngazi ileile, akasimama mbele yake.

"Umekula?"

"Sina hamu, Mama."

"Sikukuuliza hamu. Nimekuuliza chakula."

Sisimizi akacheka bila kupenda, akajifuta pua kwa kiganja.

"Basi kaa hapohapo," alisema Mama Tochi. "Usilie, na usipande lori kwa dirishani. Nitakuita."

Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya nidhamu ya chuo. Kabla ya hapo alikuwa polisi miaka mingi, na jina lake lilitokana na tochi ndogo aliyoitundika shingoni usiku na mchana, hata jua likiwa linapasua mawe. Watu walimcheka kwa tochi ile. Wezi hawakumcheka.

Ndani ya maabara mhadhiri wa somo, kijana mrefu ambaye wote walimwita Daktari, alimwendea amenyoosha mikono miwili.

"Shangazi, karibu. Samahani kukusumbua Jumamosi."

Hakuwa shangazi yake wa damu. Kaka yake Mama Tochi ndiye aliyefundisha somo lile hadi alipofariki mwaka uliopita, na wote waliopita mikononi mwa marehemu, Daktari mmojawapo, walimwita mama huyo shangazi. Ni urithi ambao hakuna aliyeugombea.

"Ila sijui kama inafaa uwe wewe," Daktari alisema, akikuna kisogo. "Majibu yaliyoibwa ni ya kaka yako. Watu watasema una upande."

"Kaka yangu hayuko mashtakani. Nionyeshe."

Daktari akatandika michoro miwili mezani, kando ya sanduku refu la mbao. Sanduku lile Mama Tochi alilijua kwa kusikia. Zamani chuo kilipochimba kisima, mashine ilitoa ardhini jiwe refu la mviringo, nene kama mkono wa mtu mzima, likakatikakatika. Marehemu alivipanga vipande kwa mfuatano ndani ya sanduku lenye vijia, kama mistari ya ukurasa: unaanza kona ya mbali kushoto, ndiko karibu na nyasi, unamalizia kona ya karibu kulia, ndiko kilindini. Wanafunzi waliliita Fimbo ya Mzee. Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuutamka: chora Fimbo, tabaka kwa tabaka, useme kila tabaka liliwekwa na nini.

"Wanafunzi thelathini," Daktari alieleza, "wamechora changarawe juu na tope chini. Hata mimi niliyeandaa majibu nimeona hivyohivyo. Mmoja tu amechora kinyume, tope juu, changarawe chini. Nikasema basi, amekosea. Halafu nikakumbuka picha hiyo nimeiona mahali. Nikafungua kabati la Mzee. Hii hapa. Linganisha."

Michoro ilifanana kama mapacha waliovaa sare.

"Na kwa nini kaka yangu achore kinyume?"

"Mtindo wa zamani, Shangazi. Kuna wazee waliochora kichwa chini miguu juu. Mtindo huo ulikufa naye. Sasa msichana huyu kautoa wapi, kama si kabatini? Tazama, hata mvua kaichora!"

Ni kweli. Ubavuni mwa tabaka moja la tope marehemu alikuwa amechora michirizi midogo ya mshazari, kama mtoto anavyochora mvua. Sisimizi naye alikuwa na michirizi. Katika wale thelathini, hakuna hata mmoja.

"Wengi wape, Shangazi," alisema Daktari.

"Niliwahi kuwapa. Kesi yangu ya kwanza, mashahidi kumi na mmoja walimtaja jambazi ambaye siku ya tukio alikuwa amelazwa hospitali, mguu umefungwa juu kama nyama ya buchani."

Aliiinamia michoro kwa muda, akapitisha kidole juu ya mmoja, kisha wa pili, akarudi kwenye wa kwanza. Akaikunja akaitia mfukoni, kama afanyavyo mtu mwenye karata nzuri.

Kabati lilikuwa ukutani, hatua chache kutoka mezani. Mama Tochi alipiga magoti akaimulika kufuli. Palikuwa na mikwaruzo mipya.

"Hiyo ni mimi," Daktari alisema haraka. "Ufunguo ulikataa kuingia."

"Nani anautunza?"

Hakukuwa na haja ya kujibu, kwa sababu mwenye ufunguo alisikika akija kabla hajaonekana. Fundi wa maabara alikuwa mnene, mwenye furushi la funguo kiunoni, na kwa mlio wake wanafunzi walimbatiza Njuga.

"Shikamoo dada," alisema Njuga, ingawa walikaribiana umri.

"Marahaba. Ufunguo wa kabati hili umewahi kumpa nani?"

"Dada yangu, ufunguo huu hata mke wangu hajaugusa."

"Mke wako anautakia nini?"

"Ndivyo ninavyomwambia!"

Daktari akaangua kicheko, akajirudi, akakohoa.

"Sisimizi umewahi kumwona humu peke yake?" Mama Tochi aliendelea.

Njuga akasita. Hakupenda kumchongea binti wa watu. "Nimemwona. Siku ya mtihani wenyewe, wenzake walipokwisha kutoka. Nilimkuta amepiga magoti hapo, mbele ya kabati, simu inawaka, na kitambaa kibichi mkononi. Nikamwambia, we mtoto, unafanya nini? Akanijibu anaangalia mvua."

"Anaangalia nini?"

"Mvua. Na nje jua linakaanga mayai."

Daktari akainua mikono, kana kwamba kesi imekwisha. Mama Tochi hakumtazama.

"Sanduku la Fimbo lilikuwa wapi saa hiyo?"

"Hapo chini, miguuni pa kabati. Ndipo linapolala. Nilikuwa nimeshalishusha; linapanda mezani saa za mtihani tu, na leo nimelipandisha kwa ajili yako."

"Kwa hiyo mtu akipiga magoti hapo, huwezi kujua kama anasujudia kabati au sanduku."

Njuga akafikiri. "Kwa kweli, dada, kwa nyuma huwezi kujua."

Mama Tochi alisimama, akapangusa magoti. Akaizunguka meza, upande wa dirisha, upande wa mlango, tochi ikitembea sakafuni. Upande wa mlango akakuta matone ya rangi nyekundu, yamekauka.

"Hii rangi ya nani?"

"Yangu," alisema Njuga. "Sanduku la kale lililiwa na mchwa, wakati wa likizo nikachonga jipya. Mimi na Daktari tukayaweka bega kwa bega hapo mezani, tukahamisha kijia kwa kijia, hakuna kilichogeuzwa. Kisha nikaandika JUU na CHINI kwenye kona. Kazi safi, tazama herufi zilivyonyooka."

Herufi zilinyooka kweli. Mama Tochi akazisifu, Njuga akavimba. Kisha Mama Tochi akamgeukia Daktari, aliyekuwa anachungulia simu yake.

"Humu ndani simu inashika mtandao wapi?"

"Dirishani tu, Shangazi. Ukisogea kidogo unakata. Unataka kumpigia mtu?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu. Njuga, niitie binti."

Sisimizi aliingia akiwa ameshikilia kamba za begi lake kama mtu anayeogopa kupeperushwa. Huko nje dereva alipiga honi ya kwanza, ya utani.

"Mwanangu," Mama Tochi alimwambia, "sitakuuliza kama umeiba. Kila niliyewahi kumuuliza swali hilo alisema hapana. Niambie ulianzaje kuchora."

Sisimizi akatua begi sakafuni. "Nilianza kona iliyoandikwa JUU, Mama, kama wenzangu. Ila haikuingia akilini. Ukichota maji ya mto yenye tope, ukayaacha kwenye glasi, kinatangulia nini chini?"

"Mchanga."

"Mchanga mzito unatangulia, tope jepesi linakuja juu yake. Sasa kwenye Fimbo kila mara mchanga mzito ulikuwa umekaa juu ya tope lake! Mara moja, sawa. Mara tano? Nikajisemea, huu mto ulikuwa umelewa?"

Njuga akacheka hadi funguo zikalia. Sisimizi naye sauti ikaanza kupata nguvu.

"Ndipo nikaitafuta mvua. Nilipoiona, nikajua. Nikaanza kuchora upya, kutoka kona iliyoandikwa CHINI."

"Na kwa nini hukumwambia mwalimu wako?"

"Kwenye mtihani hairuhusiwi kuongea. Halafu sanduku limeandikwa, Mama, kwa rangi nyekundu. Mimi ni nani?"

"Na ulirudi humu kufanya nini?"

"Nilipotoka nikawakuta wenzangu wote wamechora kinyume changu. Nikasema leo nimekwisha. Nikarudi kuhakikisha."

"Maneno matamu," alisema Daktari, lakini si kwa ukali kama mwanzo.

"Maneno tuyaache. Njuga, funga mapazia. Binti, nipe kipande chenye mvua."

Chumba kikaingia kiza cha mchana. Sisimizi akainua kipande kimoja cha jiwe la rangi ya chokoleti, akakigeuza, akamwonyesha uso wake ulipokatikia. Kwa jicho la kawaida ulikuwa laini. Mama Tochi akaivua tochi shingoni, akailaza pembeni kabisa, mwanga ukatambaa juu ya jiwe badala ya kuliangukia.

"Nyayo za mwizi huzioni kwa kumulika kutoka juu," alisema. "Laza tochi, kivuli kikuchoree."

Na kivuli kikachora. Uso wote wa jiwe ulijaa vishimo vidogo vya mviringo, kama tope lililotobolewa kwa ncha za vidole vya mtoto mchanga. Matone. Manyunyu yaliyopita siku moja, kabla hakujawa na mtu wa kuyakimbia, yakaacha alama kwenye tope, tope likakauka, likafunikwa, likawa jiwe.

Njuga akasema polepole, "Ama kweli. Alikuwa anaangalia mvua."

"Kirudishe kilipokuwa," Mama Tochi aliagiza. Sisimizi akakirudisha. "Daktari, sogea. Uso wenye vishimo umeelekea kona ipi?"

Daktari akainama. "CHINI."

"Mvua hunyesha kutoka wapi?"

"Shangazi..."

"Jibu. Wewe ndiye msomi humu."

"Kutoka juu."

"Basi hii mbona imelipiga tope kutoka chini? Ilikuwa chemchemi?"

Daktari alitoa lenzi yake mfukoni, akakiinua kipande, akakitazama, akakirudisha, akainua kingine, akakisogeza hadi puani. Aliponyanyuka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sisimizi alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mzee hakuchora kichwa chini," alisema. "Mzee alichora sawa! Sanduku ndilo limesimama kwa kichwa! Mimi ni mtu wa volkano, Shangazi, mambo ya tope hayajawahi kunipenda, na asubuhi ya mtihani niliandaa majibu mbiombio... Lakini nani kaligeuza? Tulihamisha pamoja, kijia kwa kijia!"

"Njuga," Mama Tochi aliita, "simama ulipokuwa wakati unaandika."

Njuga akaenda upande wa mlango, akasimama juu ya matone yake mekundu.

"Na wewe Daktari ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa... hapana. Kuna mtu alinipigia simu."

"Basi nenda kwenye mtandao wako."

Daktari akaenda dirishani. Sasa walitazamana, meza na sanduku katikati yao.

"Ulimwambia aandike JUU wapi?"

"Kona ya mbali, kushoto. Ndivyo tunavyosema siku zote."

"Wote wawili, nyosheni kidole kwenye kona ya mbali, kushoto."

Vidole viwili vikanyooka. Kimoja kilielekea kona moja, kingine kona iliyokuwa mkabala nayo kabisa, pembe kwa pembe. Wakatazama vidole vyao. Wakatazamana.

"Kushoto kwangu!" Daktari akapaaza sauti.

"Ningejuaje kwako?" Njuga naye akapaaza. "Ulikuwa na simu sikioni, unanionyesha kwa kidevu! Kushoto nilikozaliwa nako ni huku!"

"Na mbali?"

"Mbali na mimi! Mbali na nani tena?"

Sisimizi ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alikaa chini sakafuni, akajishika mbavu, na kicheko chake kikawaambukiza wote. Njuga akawa anajipiga mapaja, funguo zinalia kama harusi.

Mama Tochi alicheka nao, akafuta macho, kisha akainua kidole.

"Bado."

Wakamgeukia.

"Hii inaonyesha kaka yangu alisema kweli. Haionyeshi kuwa binti hakuiba. Mtu akiiba jibu la kweli, anakuwa na jibu la kweli. Si ndivyo, Daktari?"

Daktari akaitikia kwa kichwa, na ni dhahiri kuwa safari hii alitamani isiwe ndivyo. Sisimizi akasimama, kicheko kimemkauka. Nje, honi ya pili.

Mama Tochi aliifungua ile michoro aliyokuwa ameitia mfukoni, akailaza mezani, akaimulika.

"Kaka yangu amechora mvua ngapi?"

Daktari akaangalia. "Moja."

"Na binti?"

"Mbili," alisema Daktari. "Lakini Shangazi, mtu anayenakili hubadilisha kidogo. Kupoteza harufu."

"Inawezekana. Kama ya pili ni ya uongo, jiwe litakuwa tupu. Mwanangu, nionyeshe ya pili."

Sisimizi alipeleka mkono hadi kijia cha nyuma kabisa, akatoa kipande kifupi ambacho hakikuwa na sura ya kumvutia mtu. Kilikuwa cheusi, kimepauka kwa vumbi. Daktari alikitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa. Hamna kitu. Mama Tochi akalaza tochi. Hamna kitu.

"Kinataka maji," alisema Sisimizi. "Kwenye mtihani nilitumia mate." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Njuga akalowesha kitambaa bombani, akampa. Sisimizi akalipangusa jiwe mara moja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Weusi ukakolea. Akakigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga, akakigeuza tena. Halafu akatulia.

Pembeni kabisa, karibu na ukingo, palikuwa na vishimo vitano. Vidogo kuliko vya kwanza. Matone machache ya mvua iliyoahidi ikaghairi.

Daktari alivitazama kwa lenzi mpaka shingo ikamwuma. "Nilisoma Fimbo hii nikiwa mwanafunzi," alisema. "Nimeifundisha. Sijawahi kuviona. Wala Mzee hakuviona."

"Basi niambie," alisema Mama Tochi, "umewahi kumwona mwizi wa nguo akafika kwake na nguo nyingi kuliko zilizokuwa kambani?"

Daktari akaweka lenzi mezani. Akamwendea Sisimizi, akainama ili macho yao yalingane.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekutukana mbele za watu."

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema Sisimizi, kisha akakunja uso. "Ila wenzangu je? Watapata sifuri?"

"Wenzako walichora vizuri sana sanduku lililopinduka. Aliyefeli ni mimi. Twende, nikawaambie mwenyewe."

Walitoka mbio. Njuga alibeba begi la Sisimizi, akagundua uzito wake, akamtazama yule binti kwa heshima mpya. Daktari alipanda kwenye bampa la lori akajieleza yote bila kujipaka mafuta: simu, kona, kidevu, volkano. Aliposema kwamba mtihani utarudiwa kambini, alizomewa hadi kunguru wakaruka kutoka paani. Aliposema aliyepata yote ni Sisimizi, mikono ikashuka kutoka ndani ya lori, ikamdaka mabegani, ikamnyanyua juu juu na begi lake.

Wimbo ukabadilishwa papo hapo.

"Daktari, Daktari, mvua yatoka wapi?"

"Chini!" wakaitikia thelathini.

"Wapi?"

"Chini!"

Hata dereva aliitikia, na saa sita ilikuwa imempita bila kuiona. Lori lilikata kona ya lango, na kwa muda mrefu ilisikika ile "chini" ikizidi kuwa ndogo.

Mama Tochi alirudi ndani. Njuga alikuwa ameshakwangua herufi za kale, kopo la rangi limefunguliwa, brashi mkononi, amesimama palepale upande wa mlango. Mama Tochi akaenda upande wa dirisha. Alikichukua kile kipande cheusi, kilichokuwa bado kibichi, akalaza tochi. Vile vishimo vitano vikajitokeza tena.

"Kaka," alisema, akitabasamu, "hii ilikupita."

"Umesemaje, dada?"

"Nimesema paka rangi. JUU. Kona ya mbali, kushoto."

Njuga akachovya brashi, akaipeleka, akaisimamisha hewani. Tone jekundu likaanguka sakafuni.

"Kushoto kwa nani?"

Mama Tochi akazima tochi. Akaizunguka meza mpaka upande wa mlango, akasimama ubavuni pake, akaweka kidole kwenye kona.

"Hapa."